Usimharakishe Mtetea: Lishe Kabla ya Yai la Kwanza

Kuku akifikisha miezi mitatu, manyoya yakishajaa, wafugaji wengi wa Mwala, Kathiani na Kangundo, kaunti ya Machakos, huwa na haraka. Huenda dukani wakanunua gunia lililoandikwa 'layers mash', wakiamini mayai yatakuja mapema. Hayaji. Mtetea hutaga mwili wake ukishakomaa: kuku wa kienyeji walioboreshwa, wakiwemo wale wa shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, Naivasha, huanza kwenye mwezi wa tano hivi, na wa kienyeji asilia mwezi wa sita au hata baadaye. Kumpa chakula cha kutagia kabla ya hapo ni hasara, na kinaweza kumuua.

Kinachodhuru ni wingi wa kalsiamu. Yai moja huhitaji takribani gramu 2 za madini hayo, karibu zote za ganda, ndiyo maana chakula cha kutagia huwa na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Cha kukuzia kina asilimia 1 tu. Kuku anayetaga huyatumia madini hayo kutengeneza ganda. Mtetea hana ganda la kutengeneza, kwa hiyo figo zake ndizo hubeba kazi ya kuyatoa mwilini. Akilishwa hivyo kwa wiki nyingi, figo huharibika na hata kuota vijiwe. Mara nyingi hafi papo hapo. Huanguka miezi kadhaa baadaye akiwa tayari anataga, na mwenyewe akadhani ni ugonjwa umeingia bandani.

Ratiba yenyewe si ngumu. Wiki 8 za kwanza, mpe chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 18 hadi 20. Kuanzia hapo mpe cha kukuzia, 'growers mash', chenye protini asilimia 15 au 16, hadi dalili za kutaga zionekane. Kila ukibadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa wiki moja, ukiongeza kipya kidogo kidogo. Kwa makadirio, mtetea wa kufungiwa hula gramu 70 kwa siku, hivyo kuku 10 kwa siku 70 humaliza kilo 49. Kwa hesabu hiyo, gunia moja la kilo 50 linawatosha wiki 10 hivi.

Wanaojitafutia uani hula chakula kidogo cha dukani, lakini inategemea msimu. Mvua za Oktoba hadi Desemba huleta kumbikumbi, wadudu na majani mabichi, na protini hupatikana bila gharama. Kuanzia Juni hadi Septemba, uani hubaki vumbi na punje za mahindi. Mahindi yana protini isiyozidi asilimia 9 au 10, kwa hiyo mtetea anayeshindia mahindi matupu hunenepa bila kukua.

Anayetaka kujichanganyia kilo 10 nyumbani anaweza kuanza hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 5, pumba kilo 2.5, mashudu ya alizeti kilo 1.5, omena gramu 800 na chokaa ya mifugo gramu 200. Ongeza vitamini na madini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mchanganyiko huo unakaribia protini asilimia 16. Chokaa iwe ya mifugo, si ile ya kupaka ukuta. Ukitumia soya badala ya mashudu, ikaange kwanza, maana mbichi huzuia protini isimeng'enywe.

Mahindi yaliyoota kuvu hayafai kuwa chakula cha kuku. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 125 katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Sumu hiyohiyo huharibu ini la kuku, hudumaza mtetea na kupunguza kinga yake, hata chanjo ya Newcastle isimkinge inavyopaswa. Mahindi uliyoyakataa jikoni yasiishie bandani.

Utajuaje wakati umefika? Mshike jioni akiwa ametulia. Tazama kishungi: kikiwa kimekua na kuwa chekundu, homoni zimeanza kazi. Papasa mifupa miwili ya nyonga iliyo chini ya mkia. Kwa mtetea mchanga imebanana, na kwa anayekaribia kutaga vidole viwili hupita katikati. Ukimkaribia naye akachuchumaa huku ametandaza mabawa, zimebaki siku chache. Katika wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, kuku huweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa ya miguu. Huo ndio wakati wa kuanza chakula cha kutagia, baada ya kumpa dawa ya minyoo.

Usimwashie taa usiku ili kumhimiza. Machakos iko karibu na Ikweta na ina mwanga wa saa 12 hivi mwaka mzima. Unamtosha mtetea anayekua. Anayelazimishwa kutaga mwili ukiwa mdogo hutoa mayai madogo, na wengine hutokwa na kizazi.

Kwa wengi wetu, mitetea na kuku wanaotaga hula chombo kimoja. Hapo wape wote chakula cha kukuzia, kisha weka chokaa ya mifugo yenye chembe kubwa au maganda ya konokono wa baharini kwenye kikopo cha pembeni. Wanaotaga watakifuata wenyewe, na mitetea watadonoa kidogo tu. Maji safi yawepo kutwa nzima, kwa sababu kuku hunywa karibu maradufu ya uzito wa anachokula, na zaidi wakati wa joto.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia gunia dukani, soma lebo yake, kisha uulize umri wa kuku wako. Mtetea akichelewa wiki mbili hujapoteza kitu. Ukimharibu figo, hakuna chakula kitakachomrudishia.