Majibu ya Ini na Tumbo: Karatasi Inasema Nini?



Ada ya darsa zetu za akina mama ni kuwa, baada ya dua, hubaki wawili watatu wenye maswali yasiyosemeka mbele ya watu. Zamani maswali hayo yalikuwa ya hedhi, nifasi na eda. Miaka ya karibuni yameongezeka ya namna nyingine: mtu hutoa mkobani karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne, akauliza, "Sheikh, hii maana yake nini?" Mimi si daktari, na kila mwenye kuniletea karatasi humwambia airudishe kwa tabibu aliyempima. Lakini wengi walikwisha kurudi, wakaambiwa neno moja au mawili kwa haraka kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, wakatoka na hofu ile ile waliyoingia nayo. Kwa hivyo nilikaa na matabibu wanaoijua fani hii, nikawauliza maswali hayo moja baada ya jingine.

Walilonifahamisha kwanza ni kuwa kila mstari wa karatasi ile ni jibu la swali moja tu. Madhara hutokea pale tunapolichukua jibu la swali hilo tukalifanya jibu la swali jingine ambalo maabara haikuulizwa.

Tuzitazame herufi zinazotisha watu zaidi: ALT, na jirani yake AST. Hivi ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia, vimeng'enya huvuja vikaingia katika damu, na maabara huvipima. Basi ALT ikiwa juu, swali lililojibiwa ni hili: je, zipo chembe za ini zinazoumia? Naam, zipo. Halijajibiwa ni kitu gani kinachoziumiza, wala halijajibiwa kama ini limeshindwa na kazi yake. Kazi ya ini huonekana katika mistari mingine: albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini, bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huiondoa mwilini, na muda ambao damu huchukua kuganda. Mtu aweza kuwa na ALT ya 70, pale ambapo maabara imeandika kikomo cha 40, na ini lake likawa linafanya kazi yote. Na kinyume chake pia ni kweli, na ndicho chenye khatari zaidi: ini lililojaa makovu ya miaka mingi laweza kutoa ALT ya kawaida kabisa. Ndiyo maana tabibu haridhiki na mstari mmoja.

Tena si kila kilichopanda kimetoka kwenye ini. AST imo pia katika misuli, na kijana aliyeshinda akipakua mizigo huenda ikapanda bila ya ini kuwa na neno. Mja mzito hupanda kimeng'enya kiitwacho ALP, kwani kondo la nyuma nalo hukitoa, na watoto wanaokua hukitoa katika mifupa yao. Albumini ya mja mzito hushuka kidogo kwa sababu maji ya damu yake yameongezeka. Mama mmoja alikosa usingizi wiki nzima kwa mistari hiyo miwili, na yote miwili ilikuwa ni mimba tu.

Bilirubini nayo ina kisa chake. Wapo watu walioumbwa na ini linaloiondoa polepole. Hali hiyo huitwa ya Gilbert, haina madhara, na hujitokeza zaidi mtu akikaa na njaa. Basi usishangae ukamwona mtu ambaye macho yake huingia umanjano hafifu katika Ramadhani peke yake. Lakini asijihukumie mwenyewe kuwa ni hiyo, kwani ugonjwa wa selimundu, ambao haukosekani katika pwani yetu, nao hupandisha bilirubini, na homa ya ini vile vile.

Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini. "Sheikh, daktari asema ini langu lina mafuta. Nami wallahi sijapata kuonja pombe." Mwenye kuuliza huona haya, kana kwamba karatasi imemshuhudia kwa jambo asilolifanya. Na aondoe shaka. Mafuta hujaa katika ini la asiyekunywa kwa sababu ya uzito, kisukari, mafuta mengi ya damu, na kukaa pasi na kujishughulisha. Tuseme kweli juu ya meza zetu: mahamri asubuhi, viazi karai alasiri, biriani kwenye kila shughuli, na soda ya kuteremshia. Tiba yake kubwa haimo dukani. Mwenye uzito wa kilo 90 akipunguza kilo 7 hadi 9, polepole, mafuta ya ini hupungua na uvimbe wake hutulia. Na wazee wa barazani watafurahi kusikia kwamba tafiti nyingi zimewakuta wanywaji wa kahawa wakipatwa kwa uchache na makovu ya ini. Kahawa hiyo ni ile tungu. Haluwa inayoandamana nayo haikutajwa.

Wengi, wakishaiona ALT juu, hukimbilia dawa ya "kusafisha ini". Sisemi juu ya asali wala habasoda, ambazo tunazijua katika chakula na tiba yetu. Nasema juu ya chupa isiyo na jina, iliyochanganywa mizizi asiyoijua hata muuzaji. Ini ndilo linalobeba mzigo wa kila dawa tunayoimeza, na katika sababu za ALT kupanda ni dawa hizo hizo. Mwenye kumwendea daktari na amtajie yote anayotumia, hata ya mitishamba, hata panadoli, ambayo ikizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima huliumiza ini vibaya. Anayetumia dawa za kifua kikuu, akaona macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Kuendelea kimya ni khatari, na kuziacha moja kwa moja bila ya ushauri ni khatari vile vile.

Sasa nifike kwenye karatasi iliyonisukuma kuandika. Ni ile ya mja mzito aliyepimwa damu kliniki, na penye mstari wa HBsAg majibu yakatoka chanya. Maana yake ni kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B vimo mwilini mwake. Swali lililojibiwa ni hilo peke yake.

Bwana mmoja aliniletea karatasi kama hiyo ya mkewe, mkono ukimtetemeka. Amesikia kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa njia ya tendo la ndoa. Yeye amepimwa, hana. Basi akataka kujua talaka huandikwaje kwa mwanamke mwenye mimba. Nilimuuliza, "Mwanangu, karatasi imesema mkeo ameupata lini?" Akanyamaza, kwa sababu haikusema, wala haiwezi kusema.

Na elimu ya ugonjwa huu inaelekea kinyume na alivyodhani. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa au utotoni mwao mchanga, takriban 90 hubaki nao maisha. Kati ya watu wazima 100 wanaoambukizwa, wasiofika 5 ndio hubaki nao; waliosalia miili yao huvifukuza virusi ndani ya miezi 6. Kwa hivyo mwanamke anayegunduliwa katika mimba, asiye na dalili yoyote, mara nyingi ameubeba tangu alipokuwa mtoto: kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, au kwa ndugu waliocheza pamoja wakiwa na vidonda, au kwa wembe mmoja uliopita vichwa vya watoto kadhaa siku ya akika, kwani virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7. Chanjo ya homa ya ini B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga wa Kenya mwaka 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata uchangani. Mama huyo alizaliwa kabla ya hapo.

Anayeigeuza karatasi kama hii kuwa ushahidi wa zina na aikumbuke hukumu iliyomo katika Suratun Nur juu ya wenye kuwasingizia wanawake waliojihifadhi bila ya kuleta mashahidi wanne. Maabara si shahidi hata mmoja kati ya hao.

La wajibu kwa mume ni kupimwa mambo matatu: kama anavyo virusi, kama aliwahi kuvipata, na kama ana kinga. Asiyekuwa navyo wala kinga huchanjwa mara tatu, leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi 6. Na mpaka kinga yake ithibitike, hutumia mpira. Baada ya hapo ndoa yao ni kama ndoa nyingine. Sahani, vikombe na kitanda havitengwi; mkono na mate ya chakula cha sinia moja haviambukizi. Vinavyotengwa ni wembe, mswaki na mkasi wa kucha. Mavyaa anayemtengea mkaza mwana wake kikombe huenda anachanganya na homa ya ini aina ya A, ambayo ndiyo hupitia chakula na maji machafu, na ambayo huisha yenyewe.

La wajibu kwa mtoto halingoji. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtoto achanjwe homa ya ini B ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Chanjo zetu za kawaida huanza wiki ya 6, kisha ya 10 na ya 14. Kwa mtoto wa mama mwenye virusi, kungoja wiki ya 6 ni kumwachia mlango wazi. Basi mama na aulize mapema, mimba ikiwa bado changa, ni hospitali gani itakayokuwa na sindano hiyo siku ya uzazi, na kama upo uwezo wa kupata ile ya pili ya kingamwili. Aulize pia juu ya dawa ya tenofovir: miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2024 inaruhusu mama mwenye virusi kuitumia kuanzia miezi mitatu ya kati ya mimba ili mtoto ahifadhike. Na anyonyeshe. Wapo waliomkatia mtoto ziwa kwa khofu, nako kunyonyesha hakukatazwi.

Yeye mwenyewe ajue kuwa huu si ugonjwa wa kudharau. Miaka ikipita bila ya kuangaliwa waweza kuleta makovu ya ini na saratani. Si kila mwenye nao anahitaji dawa, lakini kila mwenye nao anahitaji kufuatiliwa: ALT, wingi wa virusi, na picha ya ini kwa muda atakaopangiwa. Ndugu zake wa tumbo moja na mama yake nao wapimwe.

Akina mama wenye mabinti wamenizidishia swali: "Je, mchumba aambiwe?" Rai yangu ni aambiwe kabla ya akdi, faraghani, na mtu mwenye busara, akiwa amekwisha kueleweshwa kuhusu chanjo. Kuficha hadi kliniki ya mimba ndiko kunakozaa yale niliyoyaeleza. Na atakayeambiwa akaghairi hana ruhusa ya kuitangaza siri ya binti wa watu.

Kuhusu tumbo nitakuwa mfupi. Kijidudu cha pailori, ambacho madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walikitia mbele ya ulimwengu katika miaka ya 1980 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, ndicho chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Watu huja wakilalamika, "Nimemeza dawa zote, na bado kipimo chasema ninacho." Uliza ni kipimo gani. Kile cha damu hutafuta alama zilizoachwa na mwili ulipopigana nacho, na alama hizo hukaa muda mrefu baada ya kijidudu kwisha. Cha choo, au cha pumzi, ndicho kinachosema kama kipo sasa. Nacho hupimwa si chini ya wiki 4 baada ya kumaliza dawa za kuua vijidudu, na omeprazole iwe imeachwa wiki 2, la sivyo kipimo huweza kusema hakipo nacho kipo. Anayetapika damu, au choo chake kimekuwa cheusi kama lami, asingoje kipimo chochote. Aende hospitali usiku huo.

Na kwa kuwa wengi huahirisha vipimo hadi baada ya Idi: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi hapa pwani, kutolewa damu ya maabara hakubatilishi saumu. Kupimwa choo wala picha ya ini juu ya ngozi hakubatilishi. Kamera inayoteremshwa tumboni kupitia mdomoni hubatilisha, na siku hiyo hulipwa; mwenye kuweza kungoja na aipange usiku au baada ya Ramadhani, na ambaye daktari amemwambia asingoje, asingoje. Wallahu aalam.