Pete ya Jua ya Rujewa: Hesabu ya Masafa na Swala ya Kusufi

Sifa zote njema ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, Swalla Allahu alayhi wa sallam.

Ama baad. Tarehe 1 Septemba 2016 maelfu ya watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, karibu na barabara kuu itokayo Iringa. Karibu na saa sita mchana mwezi uliingia katikati ya jua, na kwa dakika 3 hivi ikabaki pete ya mwanga. Huku visiwani tuliliona jua limemegwa tu. Wengi huuliza: mbona halikufunikwa lote, na saa yake ilijulikanaje mapema?

Jawabu limo katika masafa. Upana wa jua ni mara 400 hivi ya upana wa mwezi, na umbali wake kutoka kwetu nao ni mara 400 hivi, ndiyo maana machoni hulingana. Lakini mwezi mara husogea, mara huwa mbali. Siku ile ulikuwa mbali, ukaonekana mdogo, usiweze kulifunika jua lote.

Masafa haya hayapimwi kwa kamba. Inua kidole mbele ya uso, fumba jicho moja kisha la pili: kidole kitaonekana kuhama. Ukijua nafasi iliyopo baina ya macho, utapata umbali wa kidole. Kwa njia hiyo, mwaka 1761 na 1769 wanafalaki waliitazama Zuhura ikipita mbele ya jua, kila kundi likiwa pembe yake ya dunia. Tangu 1961 hupelekwa mawimbi ya rada hadi Zuhura, na muda wa kwenda na kurudi ndio hutoa masafa. Umbali mmoja ukijulikana, mingine hupatikana kwa kanuni ya Kepler, inayofungamanisha umbali wa sayari na muda wake wa kulizunguka jua.

Kutoka kwenye jua, kwa kilomita milioni: Utaridi 58, Zuhura 108, ardhi yetu 150, Mirihi 228, Mushtarii 778, Zohali 1,430 hivi.

Surat Ar-Rahman inatufunza kuwa jua na mwezi huenda kwa hesabu. Lakini kuijua hesabu hakuondoi ibada. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakasema ni kwa kifo chake. Mtume akalikanusha hilo, akawaamrisha kuswali na kuomba dua. Ni sunna iliyokokotezwa: rakaa 2, kila rakaa rukuu 2, tangu jua linapoanza kupatwa hadi liachie. Haiswaliwi kabla kwa kutegemea kalenda.

Tarehe 2 Agosti 2027, Inshaallah, jua litafunikwa lote Makka, na kwetu sehemu yake. Wazazi, msiwatishe wajawazito na watoto kwa khurafa. Watoto wasilitazame jua kwa macho matupu wala kwa miwani ya kawaida ya jua, bali kwa miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Macho ni amana.

Wallahu a'lam.