Jumia Iko Mtaani, Shea Iko New York

Msee mwenye shea za Jumia utamjua jioni. Saa kumi na nusu, kule Marekani kukiwa na joto, soko la New York linafunguliwa, na huyo jamaa hata mkiwa base mnabonga story ya Gor, macho inahamia kwa tenje. Anacheki, anazima, anarudisha mfukoni. Dakika mbili hivi anaitoa tena. Ukimuuliza ni nini, anakushow, "Ni kawaida tu, buda. Mimi siuzi."

Siuzi ndio sala ya hii mbogi. Waliisema shea ikiwa dola 40, wakaisema ikiwa 10, wakaisema ikiwa 2, na kila time walikuwa serious.

Kwanza elewa mbona walifika huko. Hapa kwetu NSE, ile kona ya simu na teknolojia imebaki na Safaricom solo. Kitambo kulikuwa na AccessKenya, wale wasee wa intaneti wenye waliweka kamera barabarani uone jam ya Nairobi ukiwa kwa kompyuta. Waliingia soko 2007 na bob 10, shea ikapaa, halafu ikaporomoka mpaka chini ya bob 5. Mwishowe Dimension Data ya Sauzi ikakam 2013, ikawanunua wote na bob 14, jina likatolewa kwa ubao. So kijana wa sai akidai shea ya tech ya bei ya msoto, nyumbani hapati. Anaweka apu, anapiga kitambulisho picha, anatuma ganji, ananunua za majuu. Na kwa ile orodha ndefu ya majina hajawahi sikia, kuna moja linamrukia machoni, ju linapita kwa gate ya ploti yao na nduthi.

Jumia ilipiga kengele New York tarehe 12 Aprili 2019, dola 14.50. Watu walikuwa wanaiita Amazon ya Afrika, na siku ya kwanza tu ikafunga juu ya 25. Haikupita muda ikawa inanusa 50. Halafu Mei ikafika. Kuna kampuni ndogo huko Marekani inaitwa Citron, wera yake ni kubeti shea za wengine zitaanguka halafu kuwaanika. Ikatoa ripoti ikidai hesabu za Jumia zimepikwa, na shea ikachapwa vibaya. Agosti, Jumia yenyewe ikasema imegundua oda za ujanja zilizopitia maejenti wake wa JForce. Kufika Machi 2020, corona ikiingia, ulikuwa unaokota moja na dola mbili na kitu. Marekani, chochote chini ya dola tano huwa kinahesabiwa shea ya masilva, na huko ndiko Amazon ya Afrika ilikuwa imelala.

Ungedhani imeisha. Zii. Oktoba ya mwaka huo huo Citron ikageuka, ikaanza kuimwagia sifa, na Februari 2021 shea ikagonga karibu 70. Wasee wenye nawajua waliingia hapo hapo juu, time kila mtu alikuwa amefungiwa kwa keja na bandolo za usiku. Hakuna mtu hununua hizi vitu zikiwa zimenyamaza.

Sasa kuna kitu huwa inanichoma kuhusu hii mbogi, na si ati ni mafala. Shida yao ni kuijua Jumia sana. Msee wa Githurai anajua ejenti wa parseli ako wapi, anajua Novemba ya Black Friday laini inafika wapi, anajua yule kastoma mwenye huagiza fridge ya kulipa ikifika halafu rider akipiga simu anakuta mteja hapatikani. Anapita kwa dirisha ya ejenti akihesabu maboksi ka msee wa KRA. Boksi zikiwa mob, anaenda keja akiwa na furaha. Zikiwa chache, halali. Anaona yeye ndio ako na siri, na wale wazungu wa Wall Street hawajawahi hata kanyaga Thika Road.

Ni ukweli hawajakanyaga. Lakini bei ndio wanaweka wao, na si maboksi wanacheki. Wanauliza hii kampuni imebaki na pesa ngapi benki, na kwa mwendo inachoma hizo pesa, itafika lini bila kuomba zingine. Wanacheki riba za Marekani. Wanacheki naira. Hii ya naira ndio huwa inapita wasee wa mtaa kabisa. Jumia inauza Nigeria kwa naira na Misri kwa pauni, lakini hesabu inatoa kwa dola. Juni 2023 Nigeria ikaachilia naira, ikaanguka. Machi 2024 pauni ya Misri nayo ikafuata. Hapo unaweza uza viatu vingi kuliko mwaka jana na bado kwa karatasi ya dola uonekane umerudi nyuma. Dirisha ya Githurai haiwezi kukushow hiyo.

Cheki hii ya Jumia Food. Desemba 2023 wakafunga huduma ya misosi kote kwenye ilikuwa. Mtaani ilikuwa msiba: mariders wakahamia apu zingine, na kila msee akasema basi, hawa wameisha, wanafunga moja moja. Kumbe New York walikuwa wanasoma kitu tofauti kabisa. Kusafirisha misosi kulikuwa kunakula pesa, kufunga ni kuziba tundu. Kampuni ilikuwa imepata bosi mpya, Francis Dufay, tangu mwisho wa 2022, na form yake ilikuwa moja: punguza gharama, toka mahali hapalipi. Kufika miezi saba hivi baadaye, Julai 2024, shea ilikuwa imetoka kwa dola tatu hivi ikapita 10. Waliouza wakilia Jumia Food walikuwa wanaangalia dirisha.

Waliobaki nao hawakukula raha sana. Agosti 2024 kampuni ikaona bei imekaa fiti, ikatengeneza shea mpya kama milioni 20 ikaziuza, ikavuna karibu dola milioni 100. Kwa kampuni hiyo ni akili, ju ganji ya kuishi imepatikana. Kwako wewe mwenye ulikuwa ndani, kipande chako kimekuwa kidogo bila mtu kukuuliza, na bei ikateremka na hiyo habari. Nasema hivi bila hasira: kampuni inayopata hasara lazima ile mahali, na mahali pa karibu ni kwa wenye wameishikilia. Wazae wetu walikuwa na bahati, AGM za hapa kwetu walikuwa wanatoka na lanchi na mwavuli. Jumia ni kampuni iliyosajiliwa Ujerumani. Mwavuli sahau.

Aprili 2025 ikarudi chini ya dola 2. Hapo ndio neno la "kuaverage" hutoka mdomoni mwa kila mtu, na wengi wanalitumia ka dawa ya kienyeji bila kupima. Wacha nipige hesabu. Msee alinunua shea 10 na dola 40 mwaka wa 2021: hiyo ni dola 400, kama thao 44 za wakati huo. Ikifika 2 anaongeza dola 100, anapata zingine 50. Sasa ako na 60, na kila moja imemgharimu dola 8.33 hivi. Hahitaji irudi 40 tena, anadai tu ipite 8.33. Mwenzake mwenye hakuongeza bado anangoja 40. Iko sawa kwa karatasi. Lakini hesabu hiyo hiyo inafanya kazi ikiwa tu kampuni haifi, na tena iwe hiyo dola 100 si pesa ya renti. Kwa kampuni yenye inaenda kuzama, kuaverage ni kulipa fare ya kwenda chini zaidi.

Na kuna shilingi, mwizi wa kimya. Mwenye alituma ganji Januari 2024 alinunua dola na 160. Miezi michache mbele dola ilikuwa 130. Dola 100 zilimtoka thao 16. Angezirudisha bila shea kusonga hata senti, angepokea thao 13. Thao tatu zimeenda na hakuna chati imezionyesha. Yule wa 2021 kwake ilikuwa kinyume, alinunua dola na 110 hivi, so shilingi imemsaidia bila yeye kujua. Nimeona wasee wakijisifu faida yenye ilikuwa tu shilingi kuchoka.

Halafu 2025 hiyo hiyo ikageuka. Axian, wale wa simu kutoka Madagascar, wakaingia na kununua kipande kizuri, na kabla mwaka uishe shea ilikuwa imepita 10 tena. Kutoka chini ya 2. Nimesikia watu wakisema waliona hiyo ikikuja. Hakuna mtu aliona. Kama waliona, si wangekuwa wameuza matandiko wanunue?

Sai Jumia inasema inalenga kuziba hasara robo ya mwisho ya 2026, halafu 2027 iwe mwaka mzima wa faida, wa kwanza tangu ianze 2012. Yule wa dola 40 mwenye hakuongeza kitu ameshika hiyo tarehe na mikono yote miwili. Namjua mwingine mwenye aliingia mara ya kwanza kabisa ikiwa 2, doh ndogo tu. Ilipopita 10 akauza nusu, akatoa ganji yake yote na zaidi, akalipa deni ya nduthi. Hiyo nusu ingine hajui hata imefika ngapi leo.