Je, Wajua? Nge Anapambana na Binadamu

Katika mchezo wa video uitwao Deadly Creatures, mchezaji haongozi askari wala gari la mbio. Anaongoza nge na buibui mkubwa wa jamii ya tarantula, kwa zamu.

Mchezo ulitoka Februari 2009 kwa mashine ya Wii. Waundaji, Rainbow Studios, walikuwa Phoenix, Arizona, ndani ya jangwa lile lile la Sonora linaloonyeshwa kwenye skrini. Rimoti ikipungwa, nge anachoma. Panya anaonekana mkubwa kama ng'ombe. Juu ya nge na buibui hao, wanaume wawili wanasaka dhahabu iliyofukiwa, kwa sauti za Dennis Hopper na Billy Bob Thornton. Adui wa mwisho wa nge ni mmoja wao! Hata hivyo, mauzo yalidorora.

Tofauti na Sonora, nyanda za Ufipa nchini Tanzania si jangwa. Mji wa Sumbawanga uko juu ya meta 1,700, na Julai baridi yake si ya mchezo. Hata huko nge wapo, chini ya mawe. Akimulikwa gizani kwa taa ya urujuanimno, nge hung'aa kijani. Mama hubeba watoto mgongoni mpaka wajivue gamba la kwanza.