Programu ikijifunga, mteja hakwambii

Mimi niko Busale, Kyela, nauza mchele kwa programu ya simu. Mwezi mmoja oda zikapungua, nikasingizia msimu. Fundi wangu akaweka Firebase Crashlytics ya Google, ni ya bure. Kesho yake tukaona: kwenye simu za Android za zamani, ukibonyeza "Lipa" programu inajifunga. Wateja wamenyamaza, wamehamia kwingine!

Inakuonyesha aina ya simu, toleo la Android na mstari wa kodi wenye shida. Ila wakati mwingine ripoti inatumwa mteja akifungua programu tena, asiporudi, huenda usiione. Kwa hiyo weka mapema, kabla hujaanza kuuza. Na namba za siri za wateja zisirekodiwe humo kabisa.

Wewe yako unaifuatiliaje?