NDEGE YA POVU: MCHEZO UNAOFUNDISHA KAZI

Mfanyakazi akimaliza zamu yake ana haki ya kupumzika, na katika mapumziko ana haki ya kucheza. Tumezoea mpira, bao na ngoma. Safari hii tunaeleza mchezo ambao wengi wetu hapa Mute na pwani yote ya Palma hatujaushika mkononi: kurusha ndege ndogo za povu zinazoongozwa kwa redio. Pengine ndugu msomaji atauliza, yanamhusu nini hayo mtu wa kiwandani au wa shamba la minazi? Yanamhusu, na sababu tutaziona.

NDEGE YENYEWE

Povu tunalosema ni lile jepesi linalofungiwa televisheni mpya dukani, na la masanduku ya barafu ya samaki. Liko la namna mbili. Moja ni jeupe, linalovunjika kama mkate mkavu. Jingine hunyumbuka, ukiliangusha hurudi lilivyokuwa. Ndege nzuri za kujifunzia ni za hilo la pili, kwa sababu mwanafunzi huanguka mara nyingi.

Ndani ya ndege mna betri, mota inayozungusha pangaboi, mota nyingine ndogo zinazovuta vibao vya mkia na mabawa, na chombo cha kupokea mawimbi. Mrushaji amesimama chini na kisanduku chenye vijiti viwili. Akisukuma kijiti, kisanduku hutuma mawimbi ya redio, kibao hugeuka, upepo hukisukuma kibao, na ndege hufuata. Nahodha wa mashua anaijua kazi hiyo: usukani hufanya vivyo hivyo majini.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1937 pacha wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao iliyoongozwa kwa redio, nao walikuwa vijana wa kawaida waliojitengenezea vyombo vyao. Siku hizi vyombo vimekuwa vidogo na vyepesi, na povu limechukua nafasi ya mbao.

MCHEZO UMEKUWA KAZI

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kazi ya kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kutoka angani, ili kupata ramani mpya. Waliohusika ni Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Hawakukodi ndege kubwa yenye rubani. Walitumia ndege za povu zinazoitwa eBee, zilizotengenezwa Uswisi. Ndege hiyo ina uzito wa gramu 700 hivi, yaani haifiki kilo moja ya unga, na mabawa yake hayatimizi mita 1 toka ncha hadi ncha.

Mrushaji huishika mkononi, huitikisa mara tatu ili mota iwake, kisha huiachia. Ndege hufuata njia iliyopangwa kwenye kompyuta, hupiga picha, hurudi, na kutua kwa tumbo. Hapo ndipo inapotofautiana na ile ya mchezo, ambayo huongozwa kwa mkono tangu kuruka hadi kutua. Lakini povu ni povu, na upepo ni ule ule. Katika kazi hiyo walikuwamo wanafunzi wa chuo hicho, vijana wa visiwani, si wageni peke yao.

Jirani zetu wa Malawi nao wamepiga hatua. Januari 2020 shirika la UNICEF na serikali ya Malawi walifungua chuo mjini Lilongwe cha kuwafundisha vijana kazi ya ndege hizi. Katika mafunzo yao wanafunzi waliunda kwa mikono yao ndege iitwayo EcoSoar, inayokatwa kutoka katika mbao za povu. Ilibuniwa na watu wa chuo cha Virginia Tech cha Marekani.

Na sisi Msumbiji je? Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, ndege zisizo na rubani zilirushwa ili kuonyesha nyumba zilizobomoka na sehemu zilizofunikwa na maji. Mwezi uliofuata, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kiliupiga mkoa wetu wa Cabo Delgado. Vimbunga havitakoma, na kazi ya kutazama kutoka angani itahitaji watu. Swali letu ni moja: watu hao watakuwa watoto wetu, au watoto wetu watabaki kubeba masanduku ya vyombo vya wengine?

TAHADHARI YA KWETU

Hata hivyo, ndugu zangu, Mute si Unguja. Tangu Oktoba 2017 mkoa wetu umeonja taabu ya vita. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu wakakimbia makwao. Mama aliyelala msituni na watoto, akisikia mvumo angani, moyo humruka. Askari naye hawezi kujua kama kile kilicho juu ni mchezo wa kijana au jicho la adui. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo tunasema wazi: asirushe mtu ndege yenye redio bila ruhusa ya serikali ya wilaya, ya polisi na jeshi, na ya mamlaka ya usafiri wa anga. Hata ng'ambo ya Ruvuma, nchini Tanzania, ambako hakuna vita, vyombo vya angani visivyo na rubani vinatakiwa kibali. Ndege yenye kamera ni hatari zaidi kwa mwenye nayo. Furaha ya nusu saa haifai kumgharimu mtu maisha.

PA KUANZIA

Je, basi tukae kitako? Hapana. Somo la kwanza halihitaji redio wala betri. Kata mabawa, kiwiliwili na mkia kutoka katika sanduku bovu la samaki. Gandisha kwa gundi nyeupe ya seremala. Gundi yenye petroli usiitumie, maana huliyeyusha povu jeupe. Kisha weka ncha za vidole viwili chini ya mabawa, nyuma kidogo ya ukingo wa mbele, kama robo ya upana wa bawa. Ndege inatakiwa itulie hapo. Ikilalia mkia, itapandisha pua, itapoteza mwendo na kuanguka. Bandika udongo puani mpaka ilingane. Irushe kwa mkono asubuhi mapema, kabla kusi haijaamka, ikielekea upepo. Mtoto akiweza hilo, amekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Atakapopata ruhusa na vyombo, akumbuke mambo mawili. La kwanza, ndege ikija upande wako, kushoto kwake ni kulia kwako, na wanafunzi wengi huangukia hapo. Sukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, nayo itanyooka. La pili, betri za lithiamu huweza kulipuka moto. Iliyovimba isitumike tena, na inayochajiwa isiachwe peke yake wala kuwekwa karibu na makuti.

Bei yake kwa mshahara wa mtu mmoja ni nzito. Lakini watu 8 au 10 wa zamu moja wakichanga kama wanavyochanga upatu, wanaweza kupata ndege moja na kuitumia kwa zamu. Mwalimu wa shule na fundi redio washirikishwe, maana hao wana ujuzi tayari.

Ndugu wafanyakazi, tusidharau mchezo. Mtoto anayelinganisha bawa la povu leo amejifunza uzito, upepo na subira. Tuwape watoto wetu kisu, gundi na sanduku bovu, tukae nao Jumapili moja, na tuombe ruhusa zetu mapema kwa njia iliyonyooka. Samaki mkunje angali mbichi.