Imeli zinaingia, lakini yako haitoki

Kwa nyumba mingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, dosie ya kazi haipelekwe tena na mikono. Kampuni inasema: tumeni CV na diploma kwa imeli, mwisho Ijumaa. Mutoto anaandika, anatia diploma ndani, anafinya « Envoyer », anaenda kulala. Kisha siku tatu njo anakuta barua ingali mu « Boîte d'envoi ». Na Ijumaa imepita.

Kinachodanganya watu ni hiki: barua za wengine zinaendelea kuingia. Mutu anasema, « koneksio iko, basi na yangu imeenda ». Hapana. Programu kama Outlook ao Thunderbird inapokea barua kwa seva moja, inatuma kwa seva ingine. Ni sawa kwenye bariere ya mine: asubui unaonyesha karte unaingia, lakini wakati wa kutoka kuko mambo mengine, wanakupekua mpaka mu viatu.

Kama siku ya mwisho ni leo, usipoteze saa na programu. Fungua boite yako mu Chrome ao mu Firefox, tuma kule. Ikienda, koneksio yako ni muzima, ubaya uko mu programu, utautengeneza kesho.

Pima pia kujitumia barua fupi, bila kitu ndani. Ile ikienda na dosie inakatala, shida ni uzito. Gmail inakubali 25 Mo tu, na vitu vinavyofungwa mu barua vinavimba njiani karibu sehemu moja ya tatu, juu vinaandikwa upya kwa namna ingine. Picha sita za telefone, kila moja 4 Mo, zinaonekana 24, kumbe njiani zinaweza kupita kipimo. Afazali PDF moja ndogo. Tena, kwa koneksio mingi za nyumbani, kutuma kunaenda polepole kuliko kupokea. Usizime mashini haraka.

Sasa, kama hata barua fupi inakatala, tuangalie mulango. Zamani barua zote zilitokea kwa mulango namba 25. Leo watu wengi wanaouzisha intaneti ya nyumbani wameufunga, na wako na haki: mashini yenye virusi inaweza kutuma maelfu ya barua za uongo usiku, mwenyewe hajue kitu. Ingia mu « Paramètres », tafuta « Serveur sortant » ao SMTP. Ukikuta 25, andika 587 na uchague STARTTLS. Ao 465 pamoja na SSL/TLS. Kisha tia alama kwa « Mon serveur sortant requiert une authentification ». Kale kakisanduku kadogo, wengi wanakasahau, na njo kanafunga barua mingi. Kuhakikisha, pima kutuma na koneksio ya telefone ya jirani: ikitoka kule na namba 25 ileile, unajua nani amefunga mulango.

Kungali mambo ya neno la siri. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Google haikubali tena programu za zamani ziingie na neno la siri la kawaida. Unaanzisha kwanza uhakikisho wa hatua mbili, kisha unaomba neno la pekee la herufi 16 juu ya ile programu. Jamaa wa sibere akikuomba lako la kweli ili « akutengenezee », kataa. Andika wewe mwenyewe.

Na kama barua iko mu « Messages envoyés » lakini kampuni inasema haikuona, pigia mutu wa biro, umuombe aangalie mu « Indésirables ». Soma pia kama kuko barua iliyorudi na jina Mailer-Daemon. Watu wanaifuta wakiogopa wezi, na kumbe inawaambia paka ya kuwa adrese imekosa herufi moja.